Mwaka Usiohesabiwa

Siku tuliyomzika Felista, kijana mmoja wa kanisani alisimama akasoma habari za marehemu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya upole, akataja watoto na wajukuu, kisha akasema kwamba marehemu katika uhai wake aliwahi kuwa mhudumu wa hospitali, akageuza karatasi. Basi, yakaisha. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la mbele pamoja na wanawake wa nyumba, ingawa si Mkristo, kwa kuwa wanawe walikataa nikae mahali pengine. Nikainuka. Watu walidhani nimezidiwa na kilio, na mama mmoja akanishika mkono; nikamwomba aniache. Nilitoka nje nikalizunguka kanisa juani, mwanamke mzima mwenye magoti mabovu, nikitembea kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Nimekuwa hivyo tangu usichana. Jambo likinigusa, miguu ndiyo inayolia kwanza.

Niliporudi nyumbani kwangu, mtaa wa Ufukoni, watoto wangu waliniuliza habari za msiba, nikawajibu kwa maneno machache. Kwenye ukuta wa sebule yangu kimetundikwa cheti cha muuguzi aliyesajiliwa. Kimepauka, lakini jina langu, Somoe binti Hamisi, bado linasomeka, na wageni hupenda kukitazama. Cheti kile kinataja miaka niliyosoma Dar es Salaam. Kabla ya miaka hiyo kulikuwa na mwaka mwingine ambao serikali haikuuhesabu, na kwa kweli huo ndio ulionifanya muuguzi. Habari za ukoo wangu sitaziandika hapa. Nataka kuandika habari za mwaka huo tu, na za msichana niliyekaa naye chumba kimoja.

Mtwara ya wakati ule ilikuwa mji uliojengwa kwa haraka na kuanza kubomolewa kabla haujakwisha. Mradi mkubwa wa karanga ulikuwa umevunjika. Gati lilikuwepo, reli ilikuwepo, na barabara pana zilikuwa zimepasuliwa porini kwenda kwenye nyumba ambazo hazikujengwa, lakini Wazungu waliokuja kwa wingi walikuwa wanafunga mizigo. Kutwa nzima ulisikia nyundo: huku masanduku yanapigiliwa misumari, kule mabanda yanabomolewa ili bati lipelekwe kwingine. Hospitali yetu yenyewe ilikuwa mabanda marefu ya bati yaliyoachwa na watu hao. Mchana bati lilipashwa na jua hadi likawa linalia juu ya vichwa vya wagonjwa, na mvua ikinyesha hukuweza kumsikia mtu aliye mbele yako. Sisi wasichana wawili tuliokuja kujifunza tulipewa chumba kilichokuwa stoo, chenye harufu ya dawa ya kuulia mende, dirisha moja la wavu, na meza iliyotengenezwa kwa mbao za sanduku ambalo maandishi yake ya Kiingereza yalikuwa bado yanasomeka upande wa chini. Felista alilala chali sakafuni siku ya kwanza akayasoma yote, akaniambia meza yetu imetoka mbali kuliko sisi.

Alikuwa Mmakua wa upande wa Masasi, mrefu, mweusi wa kung'aa, aliyesoma shule ya misheni. Alikuja na sanduku la mbao na furushi la makopa ya muhogo, kwa kuwa kwao walimwambia watu wa pwani hawajui kula. Mimi nilikuwa mfupi, mwepesi wa kusema na mwepesi wa kuondoka. Yeye alipokaa, alikaa kweli. Aliweza kukunja kanga, kuiweka mapajani, na kukaa na kitabu mpaka kivuli cha dirisha kihame ukuta. Mimi nilijifunza maneno ya Kiingereza nikizunguka banda kwa nje, mapafu raundi ya kwanza, moyo raundi ya pili, na nilipopita dirishani Felista alinyanyua macho na kunisahihisha matamshi bila kusimama.

Sista wetu, yaani muuguzi mkuu wa hospitali, alikuwa Mwingereza mwembamba ambaye wagonjwa walimwita Bibi Upesi, kwa kuwa ndilo neno la Kiswahili alilolitumia kuliko yote. Siku ya kwanza alitusimamisha barazani akatueleza njia iliyokuwa mbele yetu. “Hapa si chuo,” alisema. “Hapa mnajifunza kazi, mwaka mzima. Mwaka huu hauhesabiwi.” Mwaka ukiisha, akiridhika nasi, angetupeleka Lindi mbele ya jopo la kutuhoji kwa Kiingereza, na huko tungepimwa uzito, macho na kifua. Atakayefaulu angekwenda chuo cha Dar es Salaam, asome kwa miaka, afanye mtihani wa serikali, na akiufaulu jina lake liandikwe kwenye sajili. Hapo ndipo angeitwa muuguzi aliyesajiliwa, na hospitali yoyote ya nchi hii ingempokea. Asiyefaulu angeweza kubaki pale kama mhudumu wa wodi. Angefagia, angeosha, hata vidonda angefunga kukiwa na haja, lakini nje ya lango la hospitali ile asingekuwa chochote.

Felista aliuliza, “Na tukifaulu, Sista, mwaka huu utapunguzwa kwenye ile ya chuoni?”

“Hapana. Nimesema hauhesabiwi.”

“Ndiyo, Sista,” aliitika. Tulipoingia chumbani akaniambia, “Basi tuuishi vizuri wenyewe, maana hakuna atakayetuuliza habari zake.”

Kwangu mwaka huo ulihesabiwa, na aliyeuhesabu ni mjomba wangu Chande. Kwetu kusini ndugu wa mama ndiye mwenye kauli juu ya msichana, na yeye alikuwa amesema mwaka mmoja, usizidi. Kulikuwa na mtu wa Mikindani, mfanyabiashara wa chumvi na ng'onda, wale samaki wa kukausha, aliyekuwa ananiposa. Ijumaa nikipata ruhusa nilikwenda nyumbani kula. Bibi yangu, mama yake mjomba, alinipikia wali wa mchele wa Kitaya, ule mwekundu unaonukia, na mchuzi wa pweza wa nazi, nami nilikula nikitegea sikio upande wa pili wa kiambaza, ambako mjomba alikuwa anazungumza na bibi akidhani sisikii.

“Mwanamke aliyekwisha kuosha wanaume wa mji mzima, nani atamuoa?”

“Ataolewa na mmojawapo aliyepona,” bibi alijibu.

“Mimi sifanyi mzaha, mama.”

“Wala mimi. Wewe ulipougua ndui, nani alikuosha?”

“Wewe.”

“Na baba yako aliniacha kwa hilo?”

Nilimsikia mjomba akiinuka na kutoka nje, nami nilijua hajakubali. Nilirudi hospitali na tumbo lililoshiba na moyo uliokuwa unaruka huku na huku. Nikiwa wodini nilifikiri mtu wa Mikindani yuko nyumbani na ujumbe wake. Nikiwa nyumbani nilifikiri labda wodini Felista anafundishwa jambo ambalo mimi nitalikosa. Sikuwa mahali popote kwa ukamilifu mwaka ule, ila, kama nitakavyosema, mahali pamoja tu.

Msimu wa korosho ulipofika, Felista alitoboa debe bovu kwa msumari akawa anabanika korosho nyuma ya stoo. Moshi wake ni mkali, na mafuta ya ganda huunguza ngozi na kuitia weusi usiotoka. Bibi Upesi alikagua mikono yetu kabla ya kazi, akaona vidole vya Felista, akamweka siku nzima kwenye kukunja mashuka asimguse mgonjwa. Felista alikunja mashuka yote ya hospitali bila kununa, na jioni alikula korosho zake moja moja akisema hajaona adhabu inayoliwa namna hii. Mimi ningelia. Kila siku nilikuwa natafuta kosa langu kabla Sista hajaliona.

Siku moja nikalisikia, tena si kwa kuambiwa. Nilikuwa nimebeba mashuka nikipita nyuma ya baraza, na Sista alikuwa anakunywa chai na daktari. Kiingereza changu kilikuwa kimefika mahali pa kuniumiza. Alisema yule mrefu ni muuguzi tayari. “Yule mfupi ana kichwa kizuri,” alisema, “lakini nikimwacha na mgonjwa, nikigeuka hayupo.” Daktari akamjibu kwamba basi ampeleke Lindi huyo mmoja. Kikombe kikawekwa juu ya kisahani. Nilisimama pale na mashuka yangu hadi mikono ikafa ganzi.

Nilimweleza Felista, nikitegemea aniambie Sista amekosea. Alikuwa anashona kifungo. “Ni kweli,” alisema. “Ukifika kwa mgonjwa unasimama kama mtu anayengoja lori. Anaona unataka kuondoka, basi hakwambii anapoumwa.”

“Sasa nifanye nini?”

“Kaa.”

“Nikae nifanye nini?”

“Somoe, mimi nasema kaa, na wewe tayari unauliza kinachofuata.”

Haikupita muda akaletwa Selemani. Alikuwa kijana mkwezi wa minazi wa Msimbati, na ndugu zake walimleta amelazwa juu ya mlango uliong'olewa nyumbani. Alikanyaga ganda la chaza ufukoni, kidonda kikafunga juu, na sasa taya zilikuwa zimebana, shingo imekaza, na kila aliposhtuka mwili mzima ulipinda hadi akabaki ameegemea kisogo na visigino. Ilikuwa pepopunda. Mama yake alitwambia kwa sauti ya chini kwamba nyumbani wamekwisha kumpunga pepo, haikusaidia. Dawa iliyokuwepo ilikuwa kidogo, na nyingine kubwa ilikuwa giza na ukimya. Sista aliamuru chumba cha mwisho kitundikwe mablanketi madirishani na mlangoni. Kisha akatutazama sisi wawili, akanitazama zaidi miguuni, akasema, “Wewe.”

Kazi ilikuwa kukaa. Mchana kutwa nilikaa kwenye kigoda karibu na kichwa chake, gizani, peku. Nilimhesabia pumzi, nilimpitishia maziwa kwenye mpira wa puani taratibu kama nilivyoonyeshwa, nilimfuta mate, na nikasubiri. Kikohozi changu kingemkunja. Kigoda kikilia, kingemkunja. Siku ya kwanza nilidhani nitapasuka. Vidole vya miguu vilicheza vyenyewe, nyonga iliwaka moto, na mawazo yalikwenda Mikindani, yakaenda Lindi, yakarudi. Jioni Felista alikuja kunipokea. Nikatoka nikakimbia kweli, kutoka banda la mwisho hadi kwenye uzio na kurudi, na wagonjwa wa barazani wakanitazama. Siku iliyofuata nilirudi kigodani. Taratibu nikaanza kusikia vitu. Nilijua pumzi yake ya kawaida, na nikajua ile fupi inayotangulia mkazo, ili nimwekee kitambaa kati ya meno mapema. Nilijua yuko macho. Nilijua anaogopa, na kwamba ananisikia mimi kama ninavyomsikia yeye, basi nikajifunza kuvuta pumzi ndefu, moja baada ya nyingine, ili apate kitu cha kufuata.

Kisha wakaanza kubomoa banda la jirani. Nyundo ya kwanza ilimpinda hata nikadhani mgongo umevunjika. Alipolegea, nilitoka peku nikavuka mchanga wa moto. Juu ya paa walikuwa mafundi, na chini alisimama msimamizi wao, mtu mzima wa Kingindo.

“Shikamoo, baba. Naomba msigonge.”

“Marahaba. Nani amekutuma?”

“Sijatumwa. Nina mgonjwa pale.”

“Wagonjwa wapo kila siku, binti. Mzungu wangu akija akatukuta tumekaa?”

“Kila mkigonga anapinda. Ana pepopunda.”

Aliniangalia, kisha akaliangalia lile dirisha lililozibwa kwa blanketi. Akawaambia walio juu washuke. “Mdogo wangu alikwenda kwa hiyo,” alinieleza, akiwa amekwisha kushusha sauti. Wakahamia mabanda ya mbali, ng'ambo ya barabara, na siku zote zilizobaki hawakurudi upande wetu hadi Sista mwenyewe alipowaambia wanaweza.

Katika siku hizo mjomba alikuja kunichukua. Yule mtu wa Mikindani alitaka jibu kabla ya mwezi wa Ramadhani. Felista alimkuta barazani, akamsalimu kwa magoti, akamwomba avue viatu na asitamke neno, kisha akamwongoza hadi mlangoni pa kile chumba na kusogeza blanketi kidogo. Niliona mwanga umeingia, nikaona kanzu. Sikuweza kusimama. Sikuweza hata kumwamkia, mjomba wangu, mkubwa wangu, amesimama mlangoni na mimi nimekaa namtazama kama mgeni. Sijawahi kuona haya kama ile. Selemani alikuwa katikati ya pumzi zile fupi. Nikaweka kitambaa, nikamshika taya, mkazo ukaja ukapita, nikamfuta. Nilipoangalia tena, blanketi la mlangoni lilikuwa limerudishwa.

Ijumaa nilikwenda nyumbani nikiwa nimejiandaa kusemwa. Mjomba alikula hadi sahani ikawa nyeupe. Akanawa mikono.

“Yule kijana bado yu hai?”

“Bado, mjomba.”

“Wa kwao nani?”

“Wa Msimbati.”

Alijifuta vidole kimoja kimoja. “Juzi hukuniamkia.”

“Nisamehe, mjomba. Shikamoo.”

“Marahaba,” alisema. Kisha, bila kuniangalia, akamwambia bibi kwamba mtu wa Mikindani ataambiwa angoje au aende zake, maana msichana hajamaliza kazi.

Selemani alipona. Taya zilipofunguka kiasi cha kupitisha maneno, alimuuliza mama yake ni nani yule aliyekuwa anahema gizani, na alipoonyeshwa mimi alisema alidhani ni mtu mkubwa. Bibi Upesi hakunisifu. Siku moja tu, akipita na sahani ya sindano, alisema kwamba tutakwenda Lindi wote wawili, na akaendelea na safari yake.

Masika yalikuwa yameanza, na Felista alikuwa anakohoa. Sote tulikohoa masika yale, kwenye chumba ambacho ukuta wake ulitoa jasho. Alikuwa amezunguka muda mrefu wodi ya wanawake, ambako kulikuwa na mama mmoja mwenye kikohozi kutoka ng'ambo ya Ruvuma aliyemzoea yeye tu, asiyekubali kulishwa na mtu mwingine, na ambaye alitutoka kabla ya mvua. Felista alipunguza mshono wa kiuno cha yunifomu yake, kisha akaupunguza tena. Alisema ni kwa sababu ya chakula cha pwani.

Kwenda Lindi tulipanda lori la mizigo, tukipita Mikindani na Mingoyo kwenye tope jekundu, na njia nzima tuliulizana maswali. Jopo lilikuwa la watu watatu nyuma ya meza ndefu. Felista aliingia kwanza. Nilikuwa nje kwenye benchi, nikisimama na kukaa, na nikawasikia wakicheka, kicheko cha watu waliofurahi. Alipotoka alisema wamemuuliza angefanya nini mgonjwa akikataa dawa, naye akawajibu kwamba angemuuliza kwanza jana alipewa na nani. Mimi waliniuliza, miongoni mwa mengine, muuguzi hufanya nini kwanza anapofika kwa mgonjwa. Nilijua jibu la kitabuni, la kunawa mikono. Nilisema ananawa mikono, kisha anakaa. Mama mmoja wa Kizungu aliandika kitu, na sikujua kama ni kizuri au kibaya.

Baadaye tulipimwa. Tulisimamishwa mmoja mmoja kifua wazi mbele ya bamba la baridi la kupigia picha ya kifua, tukaambiwa tuvute pumzi na kuizuia. Kesho yake asubuhi waliniita mimi, wakaniambia nimepokelewa. Kisha wakamwita Felista, naye akaniomba niingie naye, kwa kuwa aliogopa Kiingereza kingemtoroka. Nadhani alikuwa anajua. Daktari aliinua picha mbele ya dirisha. Hata mimi niliona: juu ya pafu moja palikuwa na kitu cheupe, kama pamba iliyolowa. Daktari huyo hakuwa mtu mbaya. Alizungumza polepole, akimwangalia yeye na si mimi. Alisema maswali yote amefaulu, tena vizuri sana, lakini ni kifua kikuu, na ni lazima aanze dawa mara moja.

“Nikipona?” Felista aliuliza.

“Utapona. Siku hizi dawa zipo.”

“Nikipona nitakuja tena hapa kwenye maswali?”

Daktari aliiweka picha mezani. Alisema sheria ya chuo hairuhusu kumpokea mwanafunzi aliyewahi kuugua kifua. Alirudia kwa Kiswahili, ingawa hakukuwa na haja. Felista alikuwa anafunga vifungo vya gauni, akaanza na cha chini, akafika cha juu, akamshukuru. Kurudi Mtwara walimkalisha mbele kwa dereva, dirisha wazi, na mimi nikapanda nyuma juu ya magunia. Niliuona mgongo wake kupitia kioo njia nzima. Hakugeuka.

Wodi ya kifua ilikuwa banda la peke yake, mbali na mengine. Nilikatazwa kuingia, hivyo nilisimama nje ya dirisha la wavu. Siku za mwanzo nilipeleka habari: nani kalazwa, nani kajifungua, Sista kasema nini. Siku moja nikamwambia nimeamua siendi Dar es Salaam.

“Utafanya nini?”

“Nitangoja upone.”

“Ungoje nini? Umesikia chuo hakinipokei.”

“Basi nitabaki hapa. Tutafanya kazi pamoja, wote wawili wahudumu.”

Alikuwa amekaa kitandani. Akainuka akaja dirishani, na ndiyo mara pekee katika maisha yetu nilipomwona amekasirika. “Ukibaki, kila nikikuona umebeba ndoo nitajua ndoo ile nimekubebesha mimi. Sitaki. Nina ugonjwa mmoja, unanitosha.” Alikohoa, akasubiri kikohozi kiishe. “Nenda ukasajiliwe. Na usije hapa tena kunisimamia dirishani kama askari. Ukija, lete kigoda.”

Nikaenda kuchukua kigoda. Nilikaa pale hadi kengele ya chakula.

Felista alipona, kama daktari alivyosema. Alibaki hospitali ile na ile mpya iliyojengwa badala yake, akaolewa, akazaa, akafanya kazi ya mhudumu hadi alipostaafu. Niliporudi kusini na cheti changu, tulifanya kazi wodi moja kwa miaka mingi. Wakunga walipopungua, watoto walizaliwa mikononi mwake, nami nikatia sahihi, kwa kuwa sahihi yake haikukubalika. Mbele ya wagonjwa aliniita Sista. Kwenye chumba cha mashuka aliniita Somoe, akanigombeza kwa kutembeatembea. Mara moja nilimuuliza kama inamuuma. Alifikiri kabla ya kujibu, akasema inamuuma siku za mishahara na siku za sherehe za wauguzi, siku nyingine hana nafasi. Nimelifikiria jibu hilo zaidi ya yote niliyofundishwa chuoni. Kijana aliyesoma kanisani hakukosea. Ndivyo alivyoandikwa kila mahali. Mimi nimeandika haya ili pawepo hata mahali pamoja alipoandikwa vingine.

Mwaka ule ulipoisha, niliondoka Mtwara kwa meli ya pwani. Mjomba alinifikisha hadi gatini, akabeba sanduku langu mwenyewe, akanikabidhi kikapu cha bibi cha mikate ya kumimina na ng'onda, akaniambia nisiache kuswali. Njia nzima sikuweza kukaa ndani. Nilitembea kwenye sitaha kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, mpaka baharia mmoja akaniuliza nimepoteza nini. Dar es Salaam tulipokelewa na metroni wa chuo, mama mnene wa Kizungu mwenye saa kifuani. Alisoma jina langu, akaangalia nyuma yangu, akaangalia karatasi yake tena. Habari hazikuwa zimemfikia.

“Tulitarajia wawili kutoka kusini,” alisema.

“Mwenzangu yuko njiani,” nilimjibu. Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza katika chuo kile, tena kwa Kiingereza safi, na sijui yalitoka wapi.

Akaniongoza kwenye bweni. Kitanda changu kilikuwa cha mwisho karibu na dirisha, na cha pembeni yake kilikuwa kimetengwa kwa huyo mwingine, shuka na blanketi vimekunjwa juu ya godoro. Asubuhi yake nilitandika changu kwa pembe kali kama tulivyofundishwa na Bibi Upesi, kisha nikatandika na kile. Nilifanya hivyo kila asubuhi. Wasichana wengine waliona, hawakuniuliza. Metroni bila shaka alikwisha kupata habari kutoka Lindi, naye hakusema kitu.

Masomo yalikuwa yameshika kasi alipofika msichana kutoka Tanga, aliyechelewa kwa ugonjwa. Ilikuwa mchana, bweni tupu, nami nilikuwa nazunguka kati ya vitanda nikikariri mishipa ya damu. Alisimama mlangoni na sanduku kichwani, amechoka kwa safari, akavitazama vitanda vyote, kisha akakiangalia kile cha pembeni ya changu.

“Dada, hapa pana mtu?”

Niliacha kutembea. Nikaenda nikakaa kwenye kitanda changu, miguu pamoja, mikono mapajani.

“Hapana,” nilimwambia. “Tua mzigo wako.”